Shajara ya AC iliyokataa gesi: Mtwara, Novemba 2024 hadi Februari 2025

Gari ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2003, injini ya petroli ya 1500, AC ya koili moja tu ya mbele. Kibandiko chini ya boneti kinasema R134a, ndiyo aina ya gesi ya AC hii, gramu 450. Kazi yangu ni kuvuta nyaya za umeme majumbani, kwa hiyo kushika mita nimezoea; mambo ya gesi nimejifunza humuhumu ndani ya mradi huu. Naweka kila kitu, pamoja na pesa niliyopoteza, kwa sababu magari ya umri huu ni mengi hapa kusini na kauli ya "kompresa imekufa" inatolewa haraka mno.

Kila mwezi namfuata Mama kule Newala, namleta kliniki Ligula hapa Mtwara. Ana presha. Kipande cha vumbi baada ya Mnivata lazima vioo vifungwe, na mwezi wa kumi na moja ndani ya gari lililofungwa mtu wa umri wake haimudu safari. Ndiyo maana sikuliacha jambo hili.

9 Novemba 2024: Kikopo hakitoki

Historia kwanza. Septemba baridi ilianza kupungua. Fundi mmoja wa mjini alifungua bomba linaloingia kwenye kompresa, akabadilisha oringi, akafunga na kujaza gesi papo hapo. Shilingi 40,000. Baridi ilikuwa nzuri kwa siku tisa. Niliporudi kwake, gesi ikagoma: mpira umefungwa, kikopo kimefunguliwa, nusu saa nzima kikopo kizito vilevile. Akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto, ikaingia kidogo, ikagoma tena. Nikalipa 20,000 nyingine, na hukumu ikatoka: kompresa imekufa, tafuta 350,000 ya mtumba.

Sikuwa na 350,000 ya kubahatisha. Nikanunua geji za AC kwa 85,000.

Leo gari limekaa kivulini tangu asubuhi, injini baridi, joto la hewa nyuzi 31. Nimefunga mipira yote miwili. Geji ya buluu (upande wa presha ndogo) psi 113, nyekundu (upande wa presha kubwa) 113. Nikawasha injini, AC, feni ya ndani mwisho kabisa. Sindano hazikutikisika. Nikachungulia kwenye kompresa: puli inazunguka na mkanda, lakini ile sahani ya mbele ya klachi, inayoshikana na puli ili kompresa izunguke, imesimama tuli.

Hapo nikaelewa nusu ya tatizo. Kikopo hakina pampu ndani yake. Gesi inatoka kwenye kikopo na kuingia kwenye gari kwa sababu kompresa inafyonza na kushusha presha ya upande wa buluu hadi 30 au 40, wakati kikopo kina karibu 100. Kompresa isipozunguka, pande zote mbili zinalingana na hakuna pa kwenda. Kikopo changu chenye 100 kilikuwa kinasukumana na mfumo wenye 113. Kwa nini mfumo uwe na 113 wakati R134a kwenye nyuzi 31 inatakiwa iwe na 100 hivi, hilo sikujiuliza siku hiyo. Lilinigharimu kikopo kizima wiki iliyofuata.

Upande wa umeme niliupita haraka. Fyuzi nzima, relei inalia. Waya wa klachi: sifuri. Nikauchomoa, nikapeleka moto wa betri moja kwa moja kwa sekunde mbili: *tak!* Sahani ikashika, kompresa ikazunguka laini, bila mkwaruzo. Kompresa iliyohukumiwa kufa ilikuwa hai.

Kinachobaki kati ya relei na klachi ni swichi ya presha, ile iliyofungwa kwenye bomba jembamba karibu na draya, kikopo cha kunyonya unyevu. Kazi yake ni kukata umeme gesi ikiwa kidogo mno, chini ya psi 28 hivi, au presha ikipanda mno, karibu psi 455. Nilipochomoa soketi yake unga wa kijani ulinimwagikia kiganjani. Pini moja ilikuwa imeliwa mpaka imebaki nyembamba kama uzi wa kushonea. Nyumba yangu iko Shangani, bahari iko mita mia chache. Upepo wa kaskazi unapuliza chumvi usiku kucha na gari linalala nje. Nimekata soketi nzima, nikaunga nyingine ya kutoka gari bovu, nikalehemu waya na kuuvalisha mpira wa joto. Msasa, dawa ya kusafishia pini na vikorokoro: 12,000.

Angalizo moja nalisema kwa uzito. Wapo wanaounganisha waya mbili za swichi hii na kuziacha hivyo moja kwa moja. Kwa kupima, sekunde chache zinatosha. Ukiacha, gesi ikiisha kompresa itaendelea kuzunguka bila oili kurudi, na hapo kweli itakufa.

16 Novemba: Gesi imeingia, baridi haikuja

Klachi sasa inashika yenyewe. Buluu 15, nyekundu 175. Nikasema gesi ni kidogo, nikafunga kikopo cha gramu 340 (18,000) upande wa buluu, kimesimama wima ili uingie mvuke wa gesi na si maji yake. Kikaingia chote kwa dakika kumi na tano. Mpwa wangu alikuwa ameshika kipimajoto kwenye tundu la hewa, ananisomea kwa sauti: 24, 22, 21, 21, 22.

Buluu 42. Nyekundu 290, inapanda.

Nikazima. Kwa joto letu la nyuzi 31 au 32, nyekundu ikiwa kati ya 200 na 240 injini ikiwa kwenye mizunguko 1500 mimi naridhika. 290 ni nyingi. Kwanza nikashuku feni. Inazunguka, tena upande sahihi. Kisha kondensa, ile ya mbele ya rejeta ambamo gesi inapoa na kugeuka maji. Nilipotoa grili nikakuta mchanganyiko wa vumbi jekundu la Newala, manyoya na makapi ya majani, umejibana katikati ya kondensa na rejeta kama mkeka. Msimu wa korosho malori yanapishana njia nzima na kila lori linakumwagia lake. Nikaosha kwa maji ya mpira, presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. (Usitumie mashine ya kuoshea magari: mapezi ya aluminiamu yaliyoliwa na chumvi yanalala kama nyasi.) Nyekundu ikashuka hadi 260, na baridi bado ni ya kubembeleza.

17 Novemba: Saa kumi na mbili asubuhi

Hiki ndicho kipimo ambacho ningetamani ningekijua Septemba. Hakina gharama yoyote.

Unaliacha gari usiku kucha. Asubuhi kabla jua halijalichoma, injini, bomba, kondensa, vyote vina joto moja na la hewa. Unafunga geji bila kuwasha kitu. R134a safi, maadamu kuna hata tone la maji ya gesi ndani, ina presha yake kwa kila joto na haibadiliki: nyuzi 24 ni psi 79, nyuzi 26 ni 85, nyuzi 28 ni 91, nyuzi 30 ni 97, nyuzi 32 ni 104. Haijali kama ndani kuna gramu 100 au gramu 450. Ni sawa na mtungi wa gesi ya kupikia: moto unawaka kwa nguvu ileile mpaka siku ya mwisho, ndiyo maana tunaunyanyua au kuupima kwenye mizani ili kujua umebaki kiasi gani. Nani anajua mtungi umejaa kwa kutazama ukali wa moto? Lakini AC za magari tunazijaza hivyo kila siku, kwa kutazama sindano.

Kipimajoto: 26. Geji: 98. Ilitakiwa 85.

Ziada ya 13. Presha ya hewa hii tunayoivuta, hapa usawa wa bahari, ni psi 14.7. Basi ilikuwa wazi kama mchana: yule aliyefungua bomba Septemba alifunga na kujaza gesi juu ya hewa iliyokuwemo, bila kuvuta vakyumu, yaani kuitoa hewa yote kwanza kwa pampu. Hewa haigeuki kuwa maji ndani ya kondensa kama gesi inavyogeuka. Inajikusanya humo, inakalia nafasi, inapandisha nyekundu na kuua baridi. Na hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu la kikopo kilichogoma: mfumo ulikuwa na presha kubwa kuliko kikopo.

Hewa haitoki kwa kuongeza gesi. Inabidi kutoa vyote na kuanza upya.

23 Novemba: Kutoa, kupima, kutafuta tundu

Kufungua nozo na kuachia gesi yote hewani ni dakika tatu. Sikutaka. Kilo moja ya R134a inapasha dunia joto sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa, na sisi tunaolalamikia mvua zilizopotea msimu hatuna haki ya kufanya hivyo. Nikamwendea mzee mmoja anayefundisha majokofu, mwenye mashine ya kufyonzea gesi. Nikamwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza swali moja: "Mwanangu, uliipima?" Nikamwambia nilitazama geji. Akatikisa kichwa, akaleta mizani.

Zilitoka gramu 470. Gramu 20 tu juu ya kibandiko, na presha ile ya 290. Kwa macho yangu nikaona kwamba tatizo halikuwa wingi wa gesi. Kufyonza 25,000.

Tukajaza naitrojeni kavu hadi 150 (15,000), tukalala nayo. Asubuhi 131. Kuna tundu. Povu la sabuni ya kufulia lililofanywa zito kidogo, brashi ya rangi, subira. Kwenye oringi mpya ya kompresa, kimya. Kwenye nozo, kimya. Pembe ya chini ya kondensa, upande wa kushoto, ambako tope na chumvi hukaa, povu likaanza kuumuka taratibu mno, vijipunje vidogo kama mayai ya samaki, kimoja juu ya kingine. Ukifuta na kuondoka hulioni. Ukikaa dakika mbili umetazama palepale, unaliona. Chini yake palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Doa la mafuta kwenye AC ni alama ya kidole: oili inasafiri na gesi, gesi inaruka, oili inabaki. Ningelitazama doa lile Septemba nisingehitaji povu.

Kulehemu aluminiamu iliyoliwa namna hii mzee alinikataza: "Utaziba hapa, itatoboka pale." Nimeagiza kondensa ya mtumba Gerezani, Dar es Salaam, 120,000, na 10,000 ya kuipakia kwenye basi. Draya mpya 35,000 na oili ya kompresa, PAG 46, kwa 25,000 vimekuja pamoja nayo.

7 Desemba: Kosa la draya

Kondensa ilifika usiku, nzima, mapezi machache yamelala. Kuifunga ni kazi ya bolti nne na haina la kusimulia, ila nimeongeza oili mililita 40 kufidia iliyobaki kwenye ile ya zamani, na nimebadilisha oringi zote nilizogusa. Mara ya kwanza niliweka oringi nyeusi za kawaida kutoka boksi la mchanganyiko, 3,000. Mzee akazitoa zote: zile si za gesi hii, zinavimba na kukakamaa. Za kijani za R134a, seti 8,000.

Naitrojeni 150 jioni, joto 29. Asubuhi 148, joto 26. Nilishtuka, lakini hesabu inakubali: gesi iliyofungwa ikipoa nyuzi tatu inashuka takriban psi moja na nusu. Hakuna tundu.

Sasa kosa. Draya ni kile kikopo chenye punje za kunyonya unyevu. Ilifika na vizibo viwili vya mpira vimekaza. Tarehe 2, siku tano kabla ya kuifunga, nilivitoa vizibo nione kama midomo ya bomba inalingana. Ililingana. Nikaiweka rafuni bila vizibo. Siku tano, Shangani, Desemba, hewa ambayo chumvi ya mezani inageuka tope ndani ya kopo lake. Zile punje zilifanya kazi ziliyoumbiwa: zilikunywa unyevu wa chumba changu mpaka zikashiba. Nilifunga sifongo iliyolowa nikidhani nimefunga kikaushio.

14 Desemba: Baridi ya dakika ishirini

Vakyumu nilivuta kwa kompresa ya friji la zamani iliyogeuzwa pampu, ya rafiki yangu fundi friji wa Chikongola. Mafundi wengi wanatumia hii. Ilivuta saa nzima, sindano ikafika inchi 26 za vakyumu na kuganda hapo. Nikafunga, nikasubiri nusu saa, haikurudi. Nikasema safi.

Safari hii nikajaza kwa mizani, ya jikoni, ya dijitali, inayosoma gramu moja moja (25,000). Nikatoa hewa kwenye mpira kwanza kwa kuachia gesi kidogo kabla ya kukaza. Vikopo viwili, 36,000. Mfumo ukiwa na vakyumu, gramu 180 ziliingia zenyewe injini imezimwa, kisha zikasimama. Safari hii kusimama huku hakukunitisha; presha zimelingana, ni zamu ya kompresa. Nikawasha, nyingine zikaingia polepole upande wa buluu hadi mizani ikaonyesha 450 zimetoka. Kikopo cha pili kikabaki na 230, nikakiacha na koki yake imefungwa.

Kama kuna jambo moja la kukariri kabla ya kugusa kikopo: usifungue kamwe upande mwekundu injini ikiwa inawaka na kikopo kimefungwa. Presha ya 200 na zaidi inarudi kwenye kikopo cha bati na kitapasuka mikononi mwako. Na vaa miwani. Gesi hii inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, tone moja jichoni linatosha.

Buluu 33, nyekundu 220, tundu la hewa nyuzi 8. Tukapanda wote, mimi na mpwa wangu, tukaelekea Mikindani. Tukiwa tunateremka kuelekea ghuba, baridi ikaondoka. Upepo ulibaki na nguvu zake zote, baridi ndiyo iliyoondoka. Tukageuza tukarudi na vioo chini. Nilipozima AC kwa dakika kumi na kuwasha tena, baridi ikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika ishirini, ikaondoka.

15 Desemba: Chupa ya chai

Geji zimefungwa, injini inawaka. Dakika ya kumi na nane sindano ya buluu ikaanza kushuka: 30, 24, 15, 5, ikapita sifuri ikaingia kwenye vakyumu. Nyekundu nayo ikazama hadi 140. Mtu akiiona hivi atasema gesi imeisha, aongeze. Mizani inaniambia gramu 450 zimo ndani. Kwa hiyo gesi ipo, imezuiwa njiani, na mahali pembamba kuliko pote ni vavu ya ekspansheni, kitundu ambamo gesi inapita kuingia koili ya ndani.

Kuna vizuizi viwili vinavyofanana, takataka na barafu. Takataka haiyeyuki. Nikatoa kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, vavu ikaonekana, kipande cha aluminiamu kidogo kuliko kiberiti kikubwa, kimefunikwa na sponji nyeusi. Nikatoa sponji. Juu yake palikuwa na ukungu mweupe wa theluji. Nikazungushia kitambaa cha pamba, nikachukua chupa ya chai yenye maji ya moto, nikamimina kidogo kidogo juu ya kitambaa huku mpwa wangu akitazama geji nje. "Bado, Mjomba. Bado. Bado." Kisha akapiga kelele: "Imeruka!" Kutoka chini ya sifuri hadi 31 kwa mkupuo mmoja, na tundu la hewa likaanza kutoa baridi tena.

Maji. Matone machache ya maji yanazunguka na gesi, yakifika kwenye kile kitundu ambako joto linashuka chini ya sifuri yanaganda na kuziba. Yakiyeyuka, njia inafunguka. Hakuna kikopo cha gesi kitakachotibu hili.

Asiyekuwa na geji na anataka kutofautisha: koili ya ndani ikishika barafu kwa nje, upepo wenyewe unapungua nguvu na baada ya kuzima unaona maji mengi yakimwagika. Vavu ikiganda kwa ndani, upepo unabaki uleule, unageuka tu kuwa wa joto.

4 Januari 2025: Kukausha kwa kweli

Mzee alipoona picha ya sindano kwenye 26 alinikalisha chini. Maji hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu anga lote linayakandamiza. Ukipunguza mkandamizo yanachemka mapema. Unapovuta vakyumu unataka maji yaliyomo yachemke kwa joto la kawaida, yawe mvuke, pampu iyatoe. Kwa joto la nyuzi 30, hilo linatokea sindano ikifika 28.7 hivi. Kwenye 26 maji yanahitaji nyuzi 51 ili yachemke. Kwa hiyo saa nzima ya kompresa ya friji ilitoa hewa na kuyaacha maji yamekaa. Kutorudi kwa sindano kulithibitisha hakuna tundu, hakukuthibitisha ukavu. Nilichanganya vitu viwili hivyo.

(Aliyeko Newala au popote juu ya uwanda wa Makonde asishtuke sindano yake ikiishia pungufu. Kila mita 300 za mwinuko zinakula kama inchi moja ya kipimo, na pampu inaweza kuwa nzima kabisa.)

Ameniazima pampu yenyewe ya vakyumu, bila malipo, kwa sharti nibadilishe oili yake kabla na baada. Kufyonza gesi tena 25,000, na gesi ile hatukuirudisha kwa kuwa ina unyevu. Draya ya pili 35,000. Naitrojeni 15,000.

Nilivyofanya: nimechagua saa saba mchana, gari juani, boneti imeshushwa, ili kila bomba liwe la moto na maji yasiwe na pa kujificha. Draya imefungwa mwisho kabisa; vizibo vimetoka na bomba zimekazwa ndani ya dakika tatu, mpwa wangu anahesabu. Nimevuta dakika 45, sindano 29. Nimejaza naitrojeni kavu mpaka juu ya sifuri kidogo, nikaiacha dakika kumi inywe unyevu uliobaki. Nikavuta tena 45. Naitrojeni tena. Mara ya tatu nimevuta saa moja na nusu. Nimefunga koki, nimesubiri saa nzima: 29.

Gramu 230 za kikopo kilichobaki, na 220 za kikopo kipya (18,000).

Joto la nje 32, mizunguko 1500, milango imefungwa: buluu 32, nyekundu 215, tundu la hewa 9. Dakika 20, 9. Dakika 40, 8. Tumekwenda Mikindani na kurudi, tumekwenda tena. Chini ya gari maji yanatiririka kama bomba halijafungwa vizuri, na jirani alikuja kunionya kwamba AC inavuja. Yale ni ya hewa yetu yenyewe, unyevu unaokamuliwa na koili ya ndani. Yakitiririka hivyo, koili inafanya kazi.

1 Februari 2025: Newala na hesabu

Nimemfuata Mama jana. Kipande cha vumbi vioo vimefungwa, AC kwenye namba mbili. Alilala kuanzia Mnivata mpaka mjini, na kliniki presha yake walipoipima muuguzi hakumrudisha kwenye benchi kusubiri ipoe kama mwezi wa kumi na moja.

Pesa, bila zile 60,000 za kabla sijaanza: geji 85,000, vikopo vinne 72,000, kufyonza mara mbili 50,000, naitrojeni 30,000, kondensa na usafiri 130,000, draya mbili 70,000, oringi 11,000, oili 25,000, mizani 25,000, vitu vya umeme 12,000. Jumla 510,000. Kati ya hizo, kama 120,000 ni makosa yangu mwenyewe: kikopo cha Novemba nilichojaza juu ya hewa, oringi nyeusi, draya niliyoinywesha, na gesi, kufyonza na naitrojeni ya kurudia kazi. Kompresa ya 350,000 niliyoambiwa ninunue ingefungwa kwenye soketi ileile iliyooza, kondensa ileile yenye tundu, na hewa ileile ndani.

Kilichobaki: nafasi ya klachi, kati ya sahani na puli. Kwa kipimo cha majani ya chuma ni milimita 0.8, nami naitaka isizidi 0.6, kwa sababu koili ya sumaku ikipata joto kali inashindwa kuvuta sahani iliyo mbali. Kuna kijipete chembamba cha kupunguza. Nitakitoa kabla ya masika na kuandika hapa kilichotokea. Soketi ya swichi nimeipaka grisi na nitaifungua kila baada ya miezi mitatu maadamu gari linalala Shangani.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua: kipimajoto 26, buluu 85, nyekundu 85.